Nchi Iliyokomesha Udoezi

Nchi yenyewe usiitafute kwenye ramani. Iko pale karatasi inapokunjwa, na ramani ile imekunjwa mara nyingi mno, wino umefutika. Ninachoweza kusema bila kujitia matatani ni kwamba ilikuwa nchi njema, yenye jua la kutosha, viongozi wa kutosha na kusaza, na raia wenye adabu hata wanapokanyagwa. Rais wao hakuitwa Rais. Aliitwa Mlezi wa Taifa, na picha yake ilitundikwa mpaka ndani ya vyoo vya stendi, ili mtu asijione mpweke.

Sasa huyu Mlezi alikuwa na desturi ya kusafiri. Asidhani mtu kwamba alisafiri kwa starehe, hasha! Kila bajeti ilipokaribia kusomwa, alipanda ndege pamoja na mawaziri wake, wake zao, kinyozi wake na mshika mwavuli wake, wakaenda nchi za baridi kuwaeleza wenyeji wa huko jinsi raia wao walivyo na dhiki. Walilala kwa wenyeji, wakala vya wenyeji, wakarudi na taulo za wenyeji. Safari moja walikaa hadi maua ya bustani ya mwenyeji wao yakapukutika na kuchanua tena. Ndipo siku moja, watu wako mezani, mwenyeji akamwinamia mkewe huku akimtazama Mlezi anavyojiongezea nyama, akamnong'oneza neno moja la vichochoroni la Kiingereza. Neno lilikuwa "mucha".

Mlezi si kiziwi. Alilisikia na akalipenda, maana lilikuwa fupi na hutamkwa kwa kubinua midomo kama mtu anayepoza chai. Akarudi nalo. Pale pale uwanja wa ndege, akiwa bado na koti la baridi juani, akatangaza: "Ndugu wananchi, huko tulikotoka wametuita mucha!" Watu wakapiga makofi, bendi ikachachamaa, na asubuhi yake gazeti la serikali likatoka na kichwa cha habari: MLEZI ATUNUKIWA UMUCHA. Mkuu wa mkoa mmoja akampa mwanawe mchanga jina hilo. Wapo waliokuwa wanajua Kiingereza kile cha vichochoroni, lakini hao wote, kwa bahati mbaya, walishikwa na maumivu ya tumbo wiki ile, hawakuweza kutoka majumbani.

Mwishowe Mlezi mwenyewe alitaka kujua cheo hicho kina mshahara kiasi gani. Akaagiza aitwe mtu wa Baraza la Maana.

Baraza la Maana lilikuwa ofisi ndogo nyuma ya ghala la mbolea. Kazi yake ilikuwa kuyaangalia maneno yasije yakasema kitu. Ni Baraza hilo lililoeleza kwamba njaa ni "hali ya tumbo kusubiri maendeleo", na kwamba mafuriko ni "usambazaji wa maji kwa wote". Mwandishi mkuu wa maana hizo alikuwa Bwana Hatibu Matimbwa, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na moyo uliofungwa kwa woga. Alikaa nyumba ya serikali pamoja na mkewe, Mwajabu, na Shangazi Chiku, dada wa marehemu baba yake. Shangazi Chiku ndiye aliyemlea Hatibu tangu mwaka ule kipindupindu kilipowachukua wazazi wake wote wawili. Sasa yeye ndiye aliyezeeka. Magoti yalikuwa yamegoma, macho yamefunga ukungu, lakini mikono ilikuwa ingali inajua chumvi. Aliketi kwenye kigoda jikoni akapika, na hakuna aliyeweza kumtoa pale.

"Shikamoo Shangazi," Hatibu alimwambia asubuhi ya kuitwa Ikulu. "Niombee. Naitwa na wakubwa."

"Marahaba baba. Umekula lakini? Usiende kwa wakubwa na tumbo tupu, utakubali kila kitu."

Ikulu walikuwa wamejaa tele: Mlezi kitini, na kando yake Waziri wa Jasho na Kujitegemea, Mheshimiwa Mkumbwa, mtu mnene mwenye sauti ya mtu anayetoka kula au anayekwenda kula.

"Haya, mtaalamu," Mlezi alisema. "Mucha ni cheo gani?"

Hatibu alijibu kwa adabu. "Mheshimiwa Mlezi, ni neno la mitaani. Kwa lugha yetu ni... mdoezi."

Mlezi alisogea mbele kitini.

"Mdoezi?"

"Mtu anayeishi kwa vya wenzake, Mheshimiwa. Hutumika, kwa mfano, kwa yule anayeomba sigara kila siku na yeye hanunui pakiti. Au kwa mgeni aliyekuja kunywa chai, mwezi ukapita, sasa anavaa soksi za mwenyeji."

Mlezi alijitazama miguuni, akaivuta miguu chini ya kiti. "Ni tusi?"

"Si tusi hasa. Ni... maelezo."

"Nani aliyeelezwa hivyo?"

Hapo, ndugu zangu, palihitaji mtu mwenye akili, na Waziri wa Jasho alikuwapo. Alisimama akaweka mkono kifuani. "Mheshimiwa Mlezi, wewe ni nani? Wewe ni taifa. Ukiitwa mdoezi wewe, walioitwa ni raia. Wao ndio wadoezi; wewe ulikwenda tu kuwabebea jina lao."

Mlezi alitokwa na machozi. "Watoto hawa," alisema. "Nawalea, nao wananitia aibu mbele za watu." Mimi binafsi sioni dosari katika hoja ile, na hata ningeiona nisingesema. Kabla jua halijatua, iliamriwa itungwe sheria ya kukomesha udoezi nchini, na Hatibu aandike maana ya mdoezi, ili polisi wajue wa kumshika.

Kazi hiyo ilionekana nyepesi. Lakini wee!

Waziri Mkumbwa alikuja kuisimamia mwenyewe, akaja saa ya chakula cha mchana, maana alikuwa amesikia kwamba Hatibu hubeba chakula kutoka nyumbani. Alifungua bakuli, akakuta samaki wa kupaka na wali wa nazi, akalivuta upande wake. "Endelea, nakusikiliza," alisema.

Hatibu alisoma: "Mdoezi ni mtu anayekula asichokitolea jasho."

Mkono wa Waziri ulisimama katikati ya bakuli na mdomo. "Jasho lipi? Ofisini kwangu kuna kiyoyozi. Mara ya mwisho kutokwa jasho nilikuwa na malaria."

"Tunaweza kuongeza jasho la uwakilishi, Mheshimiwa. Dereva wako akitokwa jasho, limekutoka wewe."

"Ongeza. Lakini bado sijaipenda."

Hatibu alikata, akaandika upya. "Mdoezi ni mtu anayekwenda kula kwa watu bila kualikwa."

"Na sisi tukienda ziara mikoani, nani hutualika? Tunapeleka polisi kwanza kusema mbuzi achinjwe."

"Basi tuseme, bila kutoa taarifa."

"Hapo sawa. Sisi taarifa tunatoa."

Hatibu alianza kupata moto wa kazi. Alikuwa mtu wa maneno, na mtu wa maneno akipewa neno hulifuata hata likimpeleka kwenye kisima. Akaandika, akasoma kwa sauti: "Au mtu anayechukua cha wengi akakifanya chake."

Waziri aliacha kutafuna. Akamuuliza kwa upole kabisa, "Hatibu, nyumba unayokaa ni ya nani?"

"Ya serikali, Mheshimiwa."

"Na hili Baraza lako, linalima nini? Maneno yanapikwa? Kuna watu huko juu wanasema ninyi ndio wadoezi wa kwanza wa kufutwa. Mimi nawakatalia. Nawaambia, Hatibu ni mwenzetu."

Hatibu alikata mstari ule mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akaandika haraka, bila kufikiri, au labda akifikiri sana: "Mdoezi ni mtu asiye na cheo, aishiye katika nyumba isiyo yake, akala kisichotoka mfukoni mwake, wala hana pa kwenda."

"Hiyo!" Waziri alipiga meza. "Hiyo inamshika mtu!" Akalamba vidole kimoja kimoja. "Samaki huyu kapika nani?"

"Shangazi yangu, Mheshimiwa. Nakaa naye."

"Ana cheo?"

"Hapana."

"Msalimie sana," alisema Waziri, akaondoka na bakuli.

Hatibu alibaki pale mezani. Ndipo alipoisoma tena sentensi yake polepole, neno baada ya neno, na kila neno likamwangukia Shangazi Chiku. Lakini alijiambia kwamba sheria haimli aliyeipika. Watu wengi hujiambia hivyo.

Sheria ilipita Bungeni kwa shangwe, na adhabu yake ilikuwa Shamba la Jasho, kule Majabalini. Liliitwa shamba ingawa halikuwa na udongo. Waliopelekwa walivunja mawe, na mawe yakiisha waliletewa mengine. Hapakuwa na mzee aliyepelekwa huko akarudi. Serikali ilieleza kwamba hawarudi kwa sababu wamepapenda.

Watekelezaji wa sheria waliitwa Wapima Jasho. Walivaa kaki, kila mmoja na kitambaa cheupe mfukoni. Mtu kabla ya kula alifutwa kipaji cha uso. Kitambaa kikilowa, ale. Kikibaki kikavu, aeleze. Basi watu wakawa wanakimbia kuzunguka nyumba kabla ya kunawa mikono. Wengine walijipaka maji ya chumvi. Sokoni likauzwa jasho la chupa, la wapagazi kwa bei ya juu na la makarani kwa bei ya chini. Wazee ndio walioumia, kwa sababu mtu akishazeeka ngozi hukauka, hata umkalishe jikoni.

Na Wapima Jasho walikuwa na mbinu nyingine. Raia wa nchi ile walikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hawawezi kutia tonge mdomoni mtu akipita bila kumwambia "Karibu tule." Anayepita naye husema, "Ahsante, nimetoka kula sasa hivi," hata kama amelala na njaa, na kila mtu huendelea na safari yake akiwa ametimiza utu. Wapima Jasho walipita milangoni saa za kula, polepole, wakikohoa. Wakikaribishwa, walikaribia kweli. Walikula mpaka ukoko, wakajifuta midomo kwa kile kitambaa cha jasho, kisha wakamwandikia mwenye nyumba kosa la kuvutia wadoezi. Haikuchukua muda mji ukajifunza kufunga milango. Ikifika adhuhuri, mtaa ulinyamaza, kila mtu anatafuna gizani kama mwizi, na mtoto akisema "karibu" anafinywa.

Walichukuliwa wengi. Alichukuliwa kipofu aliyekuwa akilala baraza ya msikiti. Alichukuliwa mama mkwe wa mwashi, na mwashi mwenyewe akatakiwa kushukuru. Kisha ikaletwa Barazani kesi ya mtoto mchanga: hana cheo, yumo nyumba isiyo yake, anakula kisichotoka mfukoni mwake, na ukimuuliza pa kwenda hajibu. Hatibu aliitolea jasho kesi ile siku mbili, akaandika kwamba mtoto asamehewe hadi atakapoota meno. Alijiona amefanya wema mkubwa, akarudi nyumbani amechangamka.

Mwajabu hakuchangamka. "Baba Sauda," alimwambia, maana walikuwa na binti jina hilo, aliyeolewa mkoa wa mbali. "Ulipoandika 'hana pa kwenda', ulikuwa unamwangalia nani?"

"Sikumwangalia mtu. Nilikuwa naangalia nyumba tusinyang'anywe."

"Haya. Nyumba tunayo," Mwajabu alisema, akaenda kufunga mlango wa jikoni, kwa sababu nje alisikia mtu anakohoa.

Shangazi Chiku hakujua kusoma, ila redio aliisikia. "Baba," alimuuliza Hatibu siku moja akipepeta mchele, "huyu mdoezi wanayemsema kutwa kafanya nini kikubwa hivyo?"

"Ni watu wavivu, Shangazi. Wanakula vya wenzao."

"Kwani wana njaa?"

"Labda."

"Sasa si wawape wale kwanza, ndipo wawaseme? Mtu mwenye njaa utamwambia nini akakusikia?" Akacheka, akapuliza makapi. Hatibu alitoka nje akajifanya anaangalia mfereji.

Wiki ya Kukomesha Udoezi ilipokaribia, Waziri Mkumbwa alimwita Hatibu ofisini, akampa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kilele cha Wiki tutakifanyia kwako," alisema. "Uandae chakula cha wageni. Samaki wasikose."

"Kwangu, Mheshimiwa? Kwa nini kwangu?"

"Watu wana midomo. Wanasema sheria inawaonea wanyonge. Sasa wakimwona mwandishi wa maana mwenyewe anamtoa shangazi yake mbele ya halaiki, nani atafungua mdomo tena?"

Hatibu aliteleza kutoka kwenye kile kiti akapiga magoti zuliani. Alilia, sina sababu ya kuficha. "Mheshimiwa, nakuomba. Yule ni mama yangu. Majabalini hatamaliza hata wiki. Nichukueni mimi."

"Inuka, inuka, usichafue suruali. Ni mama au ni shangazi? Wewe ni mtu wa maana, usichanganye maneno." Waziri akamfuta vumbi begani. "Isitoshe wewe una cheo. Sheria haikuoni. Uliiandika vizuri sana."

Hatibu na Mwajabu walishauriana chumbani kwa kunong'ona. Mwajabu alitaka Shangazi apelekwe kwa Sauda. Lakini barabara zote zilikuwa na vizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na kitambaa cheupe, na mzee asiye na cheo anayekwenda nyumba isiyo yake ndiye hasa aliyekuwa akitafutwa. Wamfiche? Nyumba ya serikali haina dari. Serikali ilikwisha kuuza mbao. Kila walipokimbilia, walikuta sentensi ya Hatibu imekwisha kuketi inawasubiri.

"Basi mwambie," Mwajabu alisema. "Angalau ajue."

Hatibu alikwenda jikoni, akachutama karibu na kigoda. "Shangazi, Jumamosi tuna wageni wakubwa."

Uso wa bibi ukafunguka. "Wageni! Alhamdulillahi! Mbona husemi mapema? Nazi zilizopo hazitoshi." Akaanza kupanga: samaki wangapi, pilipili ipi, na nani aazimwe sinia. Hatibu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia nazi ataleta.

Jumamosi turubai likafungwa, viti vya wageni vikawekwa kivulini, na wananchi wakapangwa juani, ili wapate jasho. Walikuwa wameitwa kwa vipaza sauti mtaa hadi mtaa. Waheshimiwa walikula kwanza. Walikula samaki wote, wakala wali wote, wakaomba wafungiwe na cha kwenda nacho, kisha wakagundua kwamba hakuna kilichobaki cha kufungiwa, wakasikitika. Lori lilikuwa limeegeshwa kando ya ua, nyuma wazi.

Waziri Mkumbwa alisimama, akabeua, akaanza. "Ndugu wananchi! Taifa ni sinia. Je, nani anakaa kwenye sinia bila kunawa? Nani anakata tonge ambalo hakulisonga? Leo tutamwona!" Makofi. Akaamuru aletwe.

Shangazi Chiku alitoka jikoni ameshikwa mkono na Mwajabu, kanga zake mpya, mikono bado inanukia nazi. Alidhani ameitwa kusifiwa kwa chakula.

"Bibi," Waziri alimuuliza kwa kipaza sauti, "nyumba hii ni yako?"

"Ya mwanangu."

"Chakula unachokula hapa, unanunua wewe?"

"Mimi? Ananunua mwanangu."

"Na ukitoka hapa, una pa kwenda?"

Bibi alicheka. "Niende wapi na magoti haya, baba?"

Wananchi kadhaa walicheka naye, halafu wakanyamaza. Waziri akamgeukia Hatibu. "Mtaalamu, tusomee maana."

Hatibu alisimama na karatasi. Alisoma "mtu asiye na cheo", sauti ikiwa bado inatoka. Alisoma "aishiye katika nyumba isiyo yake". Kisha akamwona Shangazi Chiku amegeuza sikio upande wake, anatabasamu, anamsikiliza mwanawe aliyesoma. Karatasi ikamshuka mkononi.

"Siwezi," alisema.

Akavua miwani. Sasa hakuona wageni wala Waziri, na hilo lilimsaidia. "Ndugu zangu, mimi ni yatima. Nilipelekwa kwa mama huyu sina hata kaptura ya pili. Sikuwa na cheo, nyumba haikuwa yangu, mfukoni sikuwa na kitu kwa sababu hata mfuko sikuwa nao. Na sikuwa na pa kwenda. Alinilisha mpaka nikaota ndevu. Wala si mimi peke yangu. Mnaijua desturi yetu ya zamani, kabla hatujajifunza kufunga milango: mtoto saa ya kula hakuwa na kwao, aliketi moshi ulikotangulia kutoka, na mwenye nyumba hakuhesabu vichwa, maana kuhesabu watoto wanaokula ni uchuro. Moshi wa huyu mama ulikuwa ukitangulia kila siku. Kama kuna mdoezi hapa, ni mimi. Nimeandika maana nikamtazama yeye, na aliyetakiwa kutazamwa ni mimi!" Akainua mkono wake juu. "Nichukueni!"

Mwanamke mmoja juani alijifuta macho kwa upande wa kanga. Mwajabu alimtazama mumewe kama hajamwona siku nyingi. Na Hatibu, mara ya kwanza maishani mwake, hakuwa na woga hata chembe. Kifua kilikuwa chepesi, akasadiki kwamba amemwokoa.

Waziri Mkumbwa alichokoa meno, akifikiri. Kisha akamwendea Hatibu, akamkumbatia.

"Mmesikia?" alinguruma. "Mmesikia mzalendo? Amekiri mwenyewe, bila kupigwa! Mleteeni Nishani ya Ukweli!" Akambandika nishani shatini. "Wananchi, tumekuwa tukifukuza nzi, kumbe kidonda hiki hapa! Tulidhani bibi huyu ni mdoezi. Hasha! Mdoezi ni mmoja. Huyu ni mfuga wadoezi! Alikuwa akiwafuga mitaani, kwa sinia, bila kibali, bila hata kuwahesabu! Ndiyo maana taifa zima likaitwa mucha!"

"Sivyo!" Hatibu alipiga kelele. "Mheshimiwa, sikusema hivyo!" Lakini kipaza sauti kilikuwa kwa mwingine.

"Nani mwingine alilishwa na mwanamke huyu?" Waziri aliuliza. "Asiogope! Kila atakayeinua mkono ana nishani, na mfuko wa sukari. Karani, andika. Kila mkono ni mwaka mmoja wa bibi kule Majabalini."

Sukari ilikuwa haijaonekana madukani tangu mfungo. Watu walitazamana. Kisha mkono mmoja ukapanda, wa seremala. Ukapanda wa mama mwenye mtoto mgongoni. Ukapanda wa yule aliyekuwa akijifuta macho. Wakainua vijana, wakainua watu wazima, mpaka mkuu wa Wapima Jasho naye akainua wake, kitambaa cheupe kikiwa kingali mkononi. Hakuna aliyesema uongo. Wote walikuwa wamekula kwake.

"Majina kwa sauti!" alisema karani.

"Mfaume, wa kwa fundi cherehani!"

Shangazi Chiku aligeuka upesi. Macho yake hayakufika mbali, lakini sauti aliishika. "Mfaume? Uliyekuwa ukificha nyama chini ya wali? Kumbe umekuwa mtu mzima!"

"Kuruthumu!"

"Kuruthumu mwanangu! Kile kidonda cha mguu kilipona?"

"Sudi Kizito!"

"Ha! Sudi!" Bibi alipiga makofi. "Yarabi, mpo wote! Mwajabu, hebu nisogeze niwaone!" Na Wapima Jasho wawili ndio waliomsogeza, kuelekea kwenye lori, naye akawaegemea mabegani akiwashukuru, akiulizia mama zao kama wazima.

Hatibu alijaribu kwenda. Wageni waliokuwa wakimpongeza walimshika mikono, wengine wakimpigapiga mgongoni kwa upendo, na hakuweza kupita.

Walimpandisha lorini. Mwajabu alikuwa amelala chini mbele ya gurudumu, ikabidi aondolewe. Kutoka juu pale bibi aligeuza uso wake huku na huku, akisikiliza majina yanavyotajwa, na akasikia, kama mpishi anavyosikia, kwamba hapakuwa na mlio wa sahani hata moja upande ule wa jua. Tabasamu likafifia.

"Hatibu! Baba!" aliita. "Watoto wote hawa wamekuja, mbona hamjawapakulia?"

Lori likaondoka. Mikono ilibaki juu vile vile, kwa sababu karani alikuwa hajamaliza kuandika.